Harusi ya Mlimani: Kanzu ya Marehemu

Aliyenikuta njiani leo ashike haya machache, kisha tutembee pamoja.

Mwaka ni sabini na saba. Kampala haina petroli, haina sukari, na sisi Waacholi, tunaowindwa na serikali, tunatembea tukifuata kuta. Shemeji yangu Olweny, inspekta wa polisi, mume wa dada yangu Filda, amekufa. Yaani tumesema amekufa. Tulimlilia siku tatu kwenye nyumba za polisi Naguru, bila maiti, na hakuna aliyeuliza maiti iko wapi. Mwaka ule misiba mingi haikuwa na maiti.

Kweli yenyewe ni kwamba mimi, Tarcisio Obwona, nilimpitisha milima ya Ruwenzori kwa njia niliyoijua tangu nilipokuwa nachimba shaba kule. Nilimwacha upande wa Zaire, ana homa na kiatu kimoja, nyumbani kwa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, Pélagie. Huku kwetu waliojua ni watatu tu: mimi, Filda, na binti yao Akidi.

Akidi naye akachumbiwa. Na nani? Na Faruk, Mnubi wa Katwe, kijana asiye na doa isipokuwa moja: mjomba wake ni Sulaimani, afande mkubwa wa zile ofisi ambazo mtu akiingia kwa miguu hutoka kwa lori.

Akidi alikubali ndoa kwa sharti moja. Baba yake ampulizie mate kifuani, ile baraka ya kwetu, kwa mdomo wake mwenyewe. Bila hiyo haolewi hata na malaika.

Basi nikabuni harusi ya mlimani. Niliwaambia wakwe kwamba kitovu cha Akidi kimezikwa juu ya Kasese, kwenye milima ileile, alikozaliwa wakati baba yake yuko kazini huko, na kwamba kwetu bibi harusi hutokea pale kitovu kilipo. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Wakakubali. Siku ya sherehe Olweny angeshuka kutoka upande wa pili, ampulizie mwanawe, arudi. Kazi ya robo saa.

Nilidhani nina akili.

Sasa sikilizeni nilivyoiharibu, na sikuiharibu kwa silaha wala kwa pombe. Niliiharibu kwa uzi wa katani.

Kampala, mkwe humvika kanzu na koti yule anayekalia kiti cha baba. Tulikubaliana nikalie mimi, ingawa mimi ni mjomba. Bibi Maimunah, mama yake Faruk, ni fundi wa cherehani pale Katwe. Akasema kanzu ya mkwe ataishona kwa mkono wake, tumletee kipimo tu.

Filda akachukua uzi, akaupima kwenye koti la mvua la Olweny lililobaki msumarini. Akafunga mafundo: urefu, bega, mkono.

"Dada," nikasema, "mvaaji ni mimi."

"Nguo ya baba Akidi ni ya baba Akidi," akajibu bila kunitazama. "Ukikata nguo ya mtu kwa kipimo cha mwingine naye bado anapumua, umempimia sanda. Nimekwisha kumlilia uwongo mara moja, Tarcisio. Mara ya pili Mungu atanisikia."

Ningekataa. Ningeutupa ule uzi mtaroni, nikajipima mwenyewe. Lakini na mimi niliogopa sanda. Nikautia mfukoni nikautembeza kutoka Naguru mpaka Katwe, uzi wa mtu wa futi sita na zaidi, mimi ambaye nikisimama karibu na mbuzi watu humwona mbuzi kwanza.

Jumatano Bibi Maimunah akaniita.

Duka lake limebanwa katikati ya mafundi wa bati wanaogonga masanduku tangu asubuhi. Ukitaka kusema naye lazima upige kelele.

"Mzee Tarcisio! Ingia, ingia! Vua hilo koti lako la vita."

"Koti hili nililipata Mombasa, Bibi."

"Na huko Mombasa walikuwa wanatafuta pa kulitupa. Vua!"

Nikavua. Akanivika.

Kanzu ikanimeza. Mikono ilipita vidole ikaning'inia kama masikio ya mbwa. Chini kitambaa kilimwagika sakafuni, miguu ikapotea. Bibi Maimunah akacheka mpaka akashika cherehani asianguke.

"Ya Rabi! Nimemshonea nani mimi? Mnara wa msikiti?"

Nami nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko yeye, kama mwizi anayesaidia kumtafuta mwizi.

Kisha akanyamaza. Akautoa uzi wa Filda msumarini, akaupitisha vidoleni, fundo kwa fundo, kama mtu anayehesabu tasbihi. Akaenda kuufunga mlango.

"Uzi huu alipima nani?"

"Dada yangu."

"Alimpima nani?"

"Alipima koti."

"Koti la nani?"

Nikainama kukusanya pindo la kanzu sakafuni.

"Mzee, nimeshona miaka thelathini. Nimewashonea walio hai na wasio hai. Mwanamke akimpimia marehemu wake hubana uzi, mkono unamtetemeka. Huyu ameacha nafasi ya kwapa, vidole viwili. Nafasi ya kwapa ni ya mtu atakayeinua mkono ale, apunge, apige mtu. Marehemu hainui mkono."

Nikaketi juu ya kile kitambaa kilichozidi.

"Bibi, nakuomba..."

"Usiniombe. Na usiniambie. Nisichoambiwa siwezi kuulizwa." Akachukua mkasi. "Simama nikate. Futi nzima naiondoa, na bega naliingiza. Ukitoka hapa wewe ndiye baba, na mimi sikuona uzi."

Nawaambieni, yule mama alikuwa mtu. Nimezunguka nchi nne katika maisha yangu, na watu wa namna ile nawahesabu kwa kiganja kimoja na vidole vinabaki.

Mkasi ulikuwa umekwisha kushika pindo. Mara mafundi wa bati wakaacha kugonga, wote kwa pamoja.

Mlango wa gari ukafungwa nje. Mlango wa duka ukafunguliwa bila hodi.

"Dada! Kicheko chako nasikia mpaka barabarani," akasema Sulaimani. "Iko nini?"

Akaniona.

"Na huyu, nani amemvika nguo ya jitu? Mzee, wewe iko ndani kweli, ama kanzu imesimama peke yake?"

Akacheka. Askari wake mlangoni wakacheka. Nami nikacheka tena, maana mahali alipocheka Sulaimani ilikuwa vibaya kubaki nyuma.

"Kanzu ya nani?" akauliza.

"Nilikosea kipimo," akasema Bibi Maimunah haraka.

"Wewe? Wewe ukifunga macho unanishonea suruali. Hapana. Dada yangu anaweza kukosea inchi moja. Hapana kosea futi nzima." Akanitazama, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mzee. Ya nani?"

Kuna uwongo unaoupanga, na kuna uwongo unaokutoka kama kikohozi.

"Ya Onen," nikasema. "Kaka mkubwa wa marehemu. Yeye ndiye atakalia kiti cha baba, afande. Ni mrefu sana. Mimi nilikuwa naijaribu tu."

"Onen iko wapi?"

"Bukoto. Ni mlinzi kwenye maghorofa."

"Kesho saa nne lete yeye. Nataka kuona kanzu juu ya mwenyewe."

Akaondoka. Mafundi wa bati wakaanza kugonga tena, mmoja mmoja. Bibi Maimunah aliurudisha mkasi mezani, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Umemwokoa mmoja kwa kumtoa mwingine. Haya, nenda kamlete."

Naungama hapa jambo la Onen. Alikuwa kaka wa Olweny wa tumbo moja, na hatukumwambia kwamba ndugu yake yu hai. Onen alikuwa anakunywa, na akinywa mdomo wake ulikuwa kama chungu kisicho na kifuniko. Tulimwacha alie pamoja na wageni. Halafu kiti cha baba, ambacho kwa desturi kilikuwa chake, nikakikalia mimi. Alikwisha kusema kwamba akinikuta peke yangu atanifundisha ukoo kwa rungu.

Nilimkuta nyuma ya maghorofa anafua sare yake moja. Kifua wazi, mrefu kama nguzo ya simu.

"Aa! Baba wa bibi harusi amekuja kuniona," akasema bila kuinuka. "Mjomba aliyegeuka baba. Kwetu hata jogoo anajua banda lake, Obwona."

"Nimekuja kwa heshima, kaka."

"Heshima yako inatembea polepole. Imetoka Naguru mwezi wa pili, inafika Bukoto mwezi wa nane."

"Tumekosea. Kiti ni chako."

Akaacha kukamua.

"Rudia."

"Kiti cha baba ni chako. Kanzu imeshonwa kwa urefu wako. Wakwe wanataka kukuona kesho."

"Nani alinipima?"

"Filda. Kwa macho."

Nilitegemea atukane, au acheke. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono inachuruzika povu, akalia. Mtu mkubwa vile.

"Nilijua Filda hawezi kunitupa," akasema. "Nilijua ni wewe tu, kibeti mwenye kiherehere."

"Ni mimi tu."

"Olweny angefurahi. Unajua, Obwona, nilimtafuta? Nyinyi mlikaa matangani mnakunywa chai. Mimi nilikwenda msitu wa Namanve, wanakotupa maiti, mara nne. Nimegeuza watu kwa mikono hii, mmoja mmoja, nikitafuta kile kidole chake kilichokatika. Nilikuwa nawaomba radhi. Nasema, samahani ndugu, si wewe."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu: yu hai. Hakukuwa na mtu mwingine pale, ila nguo kwenye kamba.

Sikusema. Nilijiambia kwamba mtu asiyejua hudanganya vizuri kuliko anayejua, na kesho nilimhitaji Onen asiyejua. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na mapadri wawili nimewaungamia, wote wawili walinitaka niirudie kabla ya kunipa kitubio.

"Kesho usinywe," nikamwambia.

"Siku ya ndugu yangu?" akasema. "Nitakunywaje?"

Alhamisi saa nne Onen alikuja ameoga, amenyoa, hana harufu hata ya jana. Bibi Maimunah akamvika kanzu. Ikashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu ikakaa, kama maji yaliyofika kwenye kiwango chake. Akamvika koti. Onen akajitazama kwenye kioo, akanyoosha shingo.

Sulaimani akamzunguka mara mbili.

"Sawa," akasema. "Sawa kabisa."

Nikapumua.

"Wewe ni kaka ya Olweny? Ule inspekta wa Naguru?"

"Ndiyo, afande."

"Pole. Alikuwa mtu ya kazi. Alikufa namna gani?"

Onen akamtazama machoni, kwa sababu alikuwa mtu wa huzuni safi, hana la kuficha.

"Afande, hiyo ningekuuliza wewe."

Nilifumba macho. Nikasubiri sauti ya kofi, au kitu kibaya kuliko kofi. Nikasikia kicheko.

"Huyu napenda! Huyu ni mwanaume! Si kama hii mzee ya kanzu ya kuazima." Akampiga Onen begani. "Sikia, baba wa bibi harusi. Hii harusi ya mlimani, petroli mtapata wapi?"

"Mungu atajua," akasema Onen.

"Mungu hana petroli. Mimi iko nayo. Nitaleta Land Rover tatu na askari kumi na wawili. Kule mpakani iko watu wabaya, wanapita usiku na mchana kama nyumba ya mama yao. Hata mimi mwenyewe nitakuja. Faruk ni mtoto ya dada yangu, nitamwacha aoe katikati ya nyani peke yake?"

Watu wakapiga makofi. Onen akapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

"Na wewe, mzee Onen, tangu leo utalala kwangu Naguru mpaka siku ya safari. Mkwe wangu hawezi kulala kwa maghorofa ya watu. Na pombe hapana."

Ilikuwa heshima au ilikuwa kifungo? Mpaka leo sijui. Onen alipanda gari la afande akiwa na kanzu yake mpya, akanipungia mkono dirishani kama mfalme.

Zilibaki siku tisa. Na mlimani, askari kumi na wawili, na Olweny anashuka.

Bahati moja tu tulikuwa nayo: Pélagie alikuwa mjini na vitenge vyake, anarudi kwao mchana uleule. Nikamkimbilia sokoni. "Mwambie asije. Harusi ina askari. Asije kabisa."

Akaenda. Siku ya tano akarudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tukamkalisha jikoni kwa Filda, Akidi akampa maji.

"Nimemuambia," akasema. "Nimemuambia mara mbili, mara tatu. Ule mutu ni kichwa nguvu."

"Amesema nini?"

"Ameuliza, askari ni ngapi? Nasema kumi na mbili. Akacheka. Anasema yeye mwenyewe alifundisha askari kulala kwa zamu. Anasema mutoto wake hawezi kuingia nyumba ya watu na kifua kikavu. Anasema atakuya."

Filda akaweka mwiko chini.

"Mwambie mimi mkewe nimemkataza."

"Mama, hiyo nayo nilimuambia. Nilisema ni wewe umesema, nilidanganya kwa jina yako. Anasema umukataze akifika." Pélagie akamaliza maji. "Kesho asubuhi narudi. Kama muko na neno ingine, munipe kesho. Lakini iwe neno ya kumufunga miguu."

"Neno gani litamfunga miguu yule?" nikasema.

Akidi alikuwa amesimama mlangoni. Msichana mfupi kama ukoo wetu, macho ya baba yake.

"Kwamba nimekwisha olewa," akasema. "Baraka ni kabla ya ndoa. Nikiwa nimeolewa tayari, hana cha kushukia."

"Uolewe lini?" akauliza mama yake. "Zimebaki siku nne."

"Leo."

"Bila baraka? Akidi, tumbo lako! Watoto wako!"

"Mama, kifua kikavu si kaburi."

Filda akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilisema, kwa ujinga wangu, "Na afande tumwambie nini? Kwa nini leo, si Jumamosi?"

"Nera," akaniita, ndivyo kwetu tunavyomwita kaka wa mama, "hilo niachie mimi. Wewe twende tu, ukae karibu yangu nisikimbie."

Tukaenda Katwe sisi watatu, mimi, Filda na Akidi. Faruk alikuwa kwa mama yake, anashona vifungo kwenye kanzu za wateja. Akasimama alipomwona Akidi, kama alivyosimama siku zote, utadhani anapigiwa wimbo wa taifa.

Akidi hakukaa.

"Bibi Maimunah, nisamehe. Mlima hatuwezi kuungoja. Nina mimba."

Sindano ikaanguka.

Bibi Maimunah akamgeukia mwanawe polepole. "Faruk?"

Sasa nisikilizeni. Kijana yule hakuwahi kumshika Akidi hata kidole. Najua, kwa sababu nilikuwa nikiwachunga kama mbwa. Faruk alimtazama Akidi. Akidi alimtazama, macho tu yalimwomba. Na yule kijana, bila kujua anaombwa nini, akainamisha kichwa.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni mimi."

Akala makofi mawili ya mama yake, la kulia na la kushoto, akayala yote kwa adabu.

Sulaimani alipoitwa, akiwa na Onen nyuma yake, alicheka mpaka akafuta machozi. "Kijana amefunga goli kabla ya filimbi! Basi mlima imekwisha. Hii aibu hapana ngoja petroli. Shehe aje sasa hivi."

Mlima umekwisha! Alisema hivyo kwa kinywa chake. Hakuna Land Rover, hakuna askari kumi na wawili. Pélagie angeondoka kesho na neno la kumfunga Olweny miguu. Nilikwenda nyuma ya duka, nikaegemea mabati, nikamshukuru Mtakatifu Yuda, msaidizi wa waliokata tamaa, na kila mtakatifu niliyemkumbuka jina.

Katika saa moja kila kitu kilikuwa tayari. Cherehani zilisogezwa, mkeka ukatandikwa. Wanaume tukakaa mbele, wanawake nyuma ya pazia. Bibi Maimunah alikuwa akipika kahawa, akitoa amri, akilia kidogo, sikupata hata nafasi ya kusema naye. Shehe alikuwa mzee mpole, mwenye kusikia kwa shida, asiye na haraka.

Akauliza mahari, akajibiwa. Akauliza mashahidi, wakainua mikono.

"Nani anamwoza binti?"

"Mimi," akasema Onen, amekaa wima kama bendera, Sulaimani pembeni yake.

"Wewe ni baba yake?"

"Baba mkubwa."

"Baba mzazi yuko wapi?"

Sikulifikiria hilo. Nawaapia, mimi niliyepanga kila kitu sikulifikiria. Kwetu padri huuliza kama kuna kizuizi, watu wakakohoa, mambo yakaendelea. Sikujua kwamba kwa shehe baba mwenyewe ndiye mlango.

"Amekufa, shehe," akasema Onen. "Nilinyoa kichwa."

"Mungu amrehemu. Nisameheni, nauliza kwa sababu ni lazima. Baba akiwa hai, hata awe nchi ya mbali, ndugu hawezi kumwoza binti yake bila ruhusa yake. Ndoa haiwi. Watakaa miaka, watazaa, na yote itakuwa zinaa." Akageuza uso kwenye pazia. "Bibi harusi naye athibitishe. Binti, baba yako yu hai au amekufa?"

Nilisikia bangili. Nje mafundi wa bati walikuwa wanagonga, tangi, tangi, tangi.

"Binti hajasikia?" akauliza shehe.

"Amekufa," akasema Akidi.

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa kama kitambaa kinachopasuliwa kwa mikono. Na ndivyo alivyomzika baba yake, mbele ya watu, kwa kinywa kilekile kilichodai baraka yake.

"Inatosha," akasema shehe. Akauchukua mkono wa Faruk, akauweka ndani ya mkono wa Onen, akafunika kwa wake. Akafumba macho atafute maneno ya kuanzia.

Nikaanza kuhesabu. Pumzi kumi, labda kumi na mbili, na Olweny ataishi.

"Shehe, ngoja."

Haikuwa sauti ya Akidi. Haikuwa ya Filda.

"Ngoja kidogo, shehe," akasema Bibi Maimunah nyuma ya pazia, na alikuwa analia. "Huyu ni mwanangu wa pekee. Siwezi kumwacha aishi katika haramu maisha yake yote, na mimi najua."

Shehe akafumbua macho. Faruk akageuka. Onen bado alikuwa ameushika mkono wake, anatabasamu, haelewi.

Sulaimani aliweka kikombe cha kahawa mkekani, taratibu, bila kumwaga hata tone.

"Unajua nini, dada?" akauliza. "Sema. Sisi wote tunasikia."